Mhimili Mrefu Kuliko Karatasi

Mama Pacha alikuwa na sifa moja ambayo hata wasiompenda hawakuweza kumnyima: alimaliza mtaala. Kwa miaka ishirini na mitano alifundisha Hisabati katika shule ileile ya msingi, na kila ilipofika wiki ya mwisho ya muhula, wenzake wakihaha na mada zilizobaki, yeye alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake katika chumba cha walimu, miguu ameinyoosha, anakunywa chai kwa kituo. Mwalimu mkuu hakuacha kumtaja vikaoni. Aliwaambia wengine wamfuate mwenzao, na hao wengine wakamtazama mwenzao kwa jicho la pembeni.

Alikuwa mwanamke mrefu, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyofika hadi kwenye bomba la maji nyuma ya vyoo bila yeye kujitutumua. Darasa lake, la nne B, lilikuwa chumba cha mwisho kwenye safu, chenye madirisha matatu na wanafunzi arobaini na wanane. Ubao wake ulikuwa umebanduka nusu ya chini na pembeni, ikabaki sehemu isiyozidi mlango kwa upana. Hilo halikumsumbua. Alikwisha kuuzoea, akajua kuupangia mambo yake: mkono wa kulia chaki, wa kushoto dasta, na somo likaenda kama cherehani.

Muhula ule ulipofika kwenye takwimu, alikusudia kufundisha kama siku zote. Kitabuni mlikuwa na jedwali la miti aliyopanda mkulima mmoja, miembe kadhaa, michungwa kadhaa, na wanafunzi wangeichora kwa mihimili, mmoja mrefu, mwingine mfupi, wakakoleza rangi, basi. Siku mbili, mada imekwisha.

Aliyemharibia mpango huo ni bintiye. Mama Pacha alikuwa na mabinti mapacha walioshakua; mkubwa, aliyemtangulia mwenzake kwa dakika kumi na kamwe hakumwacha asahau, alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu na alikuja nyumbani kwa mapumziko ya wiki moja. Jioni moja akiwa anaosha vyombo, mama yake akiwa anapanga masomo mezani, binti aliuliza watoto watachora grafu ya nini. Akaambiwa ya miti ya mkulima. Akauliza mkulima gani. Mama akasema mkulima tu, wa kitabuni.

"Mama, sasa mtoto wa miaka tisa miti ya mtu asiyemjua inamhusu nini?" binti alisema. "Waache waulize wao. Wachague swali, wazunguke, wahesabu. Ndivyo tunavyofundishwa sasa."

Mama Pacha alimjibu kwamba yeye alianza kufundisha kabla hao wanaomfundisha hawajajua kushika chaki, akafunga daftari. Lakini neno lilikwisha kumwingia. Siku tatu alitembea nalo kama kijiwe kwenye kiatu, na siku ya nne, binti akiwa amesharudi chuoni na hawezi kujisifu, aliingia darasani bila kitabu.

Alianza na swali dogo: kila mmoja ana ndugu wangapi. Alidhani ni jambo la dakika tano. Mtoto wa kwanza akasema watatu. Wa pili akasema wanne, na wa tano yumo tumboni, je, ahesabiwe? Wa tatu alikuwa na kaka wawili wa baba mmoja wanaoishi kwingine, na binamu mmoja anayelala naye kitanda kimoja. Yupi ndugu kati ya hao? Hapo akasimama msichana mmoja mwembamba aliyeitwa Wakili na darasa zima, kwa kuwa hakuna jambo aliloliacha lipite bila kulipinga, akasema swali lenyewe ndilo bovu. Kama kila mtu anahesabu kwa namna yake, namba zitakazoandikwa ubaoni hazitakuwa za kitu kimoja.

Mama Pacha alitaka kumkalisha chini. Kisha akaona kwamba mtoto amesema kweli, tena amesema jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulifundisha katika miaka yote hiyo. Wakalirekebisha swali pamoja: watoto wangapi wanalala katika nyumba yenu, pamoja na wewe? Aliye tumboni asubiri zamu yake. Kila jibu likawekewa kijiti, vijiti vinne wima na cha tano kikilazwa juu yao kama komeo la mlango, ili wahesabu kwa matanotano. Darasa lilichangamka. Watoto ambao siku zote walisinzia saa ile walikuwa wamepanda juu ya madawati wakidai kijiti chao hakijaandikwa. Mama Pacha alitoka mle koo limemkauka na moyo mweupe.

Wiki iliyofuata akawagawa makundi sita. Kila kundi lichague swali lake, likaulize madarasa matatu ambayo yeye aliyafundisha, la nne A, la nne B na la tano, kisha lichore grafu kwenye karatasi ya manila. Grafu zingebandikwa siku ya wazazi, mwalimu mkuu azione. Kundi moja lilichagua rangi inayopendwa. Jingine likachagua watu wanafikaje shuleni, jingine saa za kuamka. Kundi la dirishani liliongozwa na msichana aliyeitwa Kipaza, maana hata akinong'ona alisikika darasa la jirani. Swali la Kipaza lilikuwa hili: somo gani linakuchosha kuliko yote?

Mwalimu mwingine angelikataa. Mama Pacha alilipitisha, na ukweli usemwe, alilipitisha kwa tabasamu. Chumba cha pili kutoka kwake alifundisha mwalimu wa Sayansi, kijana mtanashati aliyesoma kutoka kitabuni kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, mpaka nzi wenyewe wakatulia. Mama Pacha hakuwa na shaka mhimili mrefu ungekuwa wa nani. Alijiona tayari akimpa pole.

Siku za kukusanya majibu zilikuwa za vurumai tamu. Watoto walizunguka na mbao za kuandikia walizotengeneza kwa maboksi, kalamu zikining'inia kwa uzi, wakawasimamisha wenzao bombani, langoni, kwenye foleni ya kunawa. Kundi la rangi lilipata mkosi: mtoto mmoja alipoona bluu ina ishirini na tisa na kijani ishirini na saba, aliiongezea kijani viwili ili mihimili ilingane ipendeze. Mama Pacha aligundua jumla haikubali. Hakumgombeza sana, ila aliwakusanya wote akawaambia jambo ambalo alilisema kwa msisitizo, akigonga dawati kwa kila neno: mtu akikupa jibu, jibu hilo si lako, huna ruhusa ya kulitia chumvi. Grafu haichorwi ipendeze. Inachorwa iseme kilichopo. Watoto waliitikia kwa pamoja.

Keshoye Kipaza na wenzake wakaleta yao.

Waliibeba watu wawili, kwa sababu ilikuwa ndefu. Walikuwa wamepiga mistari ya miraba kwa rula, mraba mmoja kwa kila mwanafunzi, na mhimili mmoja ulipanda ukafika ukingo wa karatasi, ukaendelea. Walichofanya ni kubandika manila ya pili juu ya ile ya kwanza. Mama Pacha alisoma kuanzia chini. Michezo, kumi na moja. Maarifa ya Jamii, kumi na saba. Lugha, kumi na tisa. Sayansi, ishirini na nne. Mhimili mwekundu uliovuka karatasi ulikuwa Hisabati. Sitini na moja.

Uso ulimshuka. Watoto arobaini na wanane walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyecheka, jambo lililomuuma zaidi, kwani lilimwonyesha kuwa kwao haikuwa habari. Kisha, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu hata akiwa ametolewa nishai, alijisikia akisema kwamba grafu ikizidi karatasi haibandikwi karatasi nyingine, inabadilishwa kipimo. Mraba mmoja usimame badala ya wanafunzi watano, na sitini na moja itakuwa miraba kumi na miwili na kipande kidogo. Walielewa mara moja. Haijawahi kutokea darasa likaelewa kipimo haraka namna ile, na mfano wenyewe ulikuwa aibu yake.

Wakili akanyoosha mkono. Alisema matokeo hayo ana shaka nayo. Kundi la Kipaza waliwauliza watu wakiwa foleni, na wa nyuma walisikia alichosema wa mbele, wakafuata. Mama Pacha alimwangalia mtoto yule kwa mapenzi ambayo hakuwahi kuwa nayo kwake. Alikubali haraka, pengine haraka mno. Basi warudie, akasema, mara hii kwa siri. Kila mtu apewe kijikaratasi, aandike bila kuonyesha jirani, atumbukize kwenye boksi lenye tundu.

Walirudia. Watu walewale mia moja thelathini na wawili, vijikaratasi vya kukatwa, na safari hii kuhesabu kulifanyika mbele ya darasa zima, Wakili akisimamia. Hisabati ilipata sitini na nane, Sayansi ikashuka hadi ishirini na mbili.

Kipaza aliona mwalimu wake haelewi, akamwelezea kwa wema wote: "Mara ya kwanza ulikuwa umesimama barazani, Mwalimu. Wengine waliogopa."

Mwalimu mkuu, mtu mwembamba aliyependa kila kitu kiwe kimenyooka, alipita mwisho wa wiki kuchagua grafu za kubandika. Aliisifu ya rangi, akaisifu ya saa za kuamka. Alipofika kwenye ile nyekundu alisimama, akakohoa, akamvuta Mama Pacha pembeni. Alisema kwa upole kwamba wazazi hawana haja ya kuona kila kitu, na kwamba ile ya masomo ingekaa vizuri kabatini. Alikuwa anamwokoa, na Mama Pacha alilijua hilo. Njia ilikuwa wazi kabisa; hata asingelaumiwa.

Ila nyuma ya mwalimu mkuu alikuwa amesimama yule mtoto wa kijani, aliyekatazwa kutia chumvi vijiti viwili. Alikuwa anasikiliza.

"Itabandikwa, Mwalimu Mkuu," Mama Pacha alisema. "Nimewaambia watoto namba haziguswi. Sasa nikianza mimi kuzificha nitawatazama kwa macho gani?"

Mwalimu mkuu alisema basi ni shauri lake. Na Mama Pacha, aliyekuwa amesema yale kwa ujasiri asioujua ulikotoka, alirudi darasani akakaa. Alifikiri. Kama imebidi aibu ibandikwe ukutani, alau ajue imetoka wapi. Grafu ilisema wangapi, haikusema kwa nini. Akaomba boksi lirudishwe, akawaambia wale sitini na wanane, popote walipo, waandike sababu moja tu, bila jina. Alitoka nje kabisa, akaenda kusimama bombani, ili safari hii asimtishe mtu.

Vijikaratasi vilimwagwa sakafuni, madawati yakiwa yamesogezwa ukutani, na watoto wakapiga magoti kuvichambua kwenye mafungu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya kwanza, kwani sababu hazikuja zimepangwa. Mmoja kaandika neno, mwingine barua. Waligombana kama "naumwa kichwa" iende kwenye "ngumu" au ipewe fungu lake. Mwishowe mafungu yalikuwa matano. Ngumu, kumi na wanne. Njaa, kwa kuwa darasa la tano walikuwa na Hisabati saa ya mwisho, tisa. Kazi nyingi za nyumbani, saba. Mengineyo, saba. Na fungu kubwa kuliko yote, thelathini na moja, lililokuwa limeandikiwa neno moja tu juu yake: Futa.

Mama Pacha aliokota kimoja akasoma. Futa. Akaokota kingine. Kwa sababu ya Futa. Cha tatu kilikuwa na picha ya mkono ulioshika dasta.

"Futa ni nini?" akauliza.

Watoto walianza kuchunguza vidole vyao. Wakili, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alikuwa ghafla anatafuta kifutio chini ya dawati. Ikabidi Kipaza aseme, na akajaribu kunong'ona, kwa hiyo alisikika hadi darasa la tano.

"Ni wewe, Mwalimu."

Ndipo alipojua jina lake. Alijua siku zote kuwa wanafunzi wana jina la kila mwalimu, na katika mawazo yake lake lilikuwa kitu cha heshima, Simba labda, au Sauti. Kumbe kwa miaka asiyoijua idadi, madarasa kwa madarasa, aliitwa Mwalimu Futa. Kipaza, kwa kuwa keshaanza, alimwelezea yote. Unaandika huku, unafuta huku, alisema. Ukiandika mstari wa nne, wa kwanza umekwisha ondoka, na mwili wako umeziba wa pili na wa tatu. Sisi tumegawana. Dawati la mbele wananakili mstari wa kwanza, wanaofuata wa pili, hivyo hivyo mpaka nyuma, kisha wakati wa mapumziko tunakutana kuunganisha. Akikosekana mmoja siku hiyo, hesabu nzima haina kichwa.

Mama Pacha alikumbuka vikundi vya watoto alivyoviona kila siku chini ya madirisha wakati wa mapumziko, vichwa vimekutana, daftari zimerundikana. Alikuwa akipita na kuwaza, watoto hawa wanapenda Hisabati.

Halafu, jambo ambalo halikutarajiwa na yeyote, yeye mwenyewe akiwemo, kicheko kilimtoka. Kilianza tumboni, kikamtikisa mabega, akashika dawati. Watoto walitazamana kwanza, wasijue kama ni mtego, kisha Kipaza akacheka, na chumba chote kikalipuka mpaka mwalimu wa Sayansi akaja kuchungulia mlangoni kuna nini.

Nyumbani hakuwa na uhakika kama kilikuwa kichekesho. Alimsimulia mumewe wakati wa chai ya jioni. Baba Pacha alikuwa mchora mabango, mtu wa maneno machache mwenye rangi isiyotoka kwenye kucha. Maandishi ya maduka nusu ya mtaani kwao yalikuwa kazi ya mkono wake. Alimsikiliza mpaka mwisho, na mkewe, akiwa anaeleza jinsi watoto walivyomsingizia, alikuwa ameshika kitambaa anapangusa meza.

"Mama Pacha," mume alisema, "ninyanyue kikombe, au unaweza kunisubiri nimalize?"

Pacha mdogo, aliyekuwa bado anatafuna mkate wake huku sahani imekwisha ondolewa mbele yake, aliinamia magoti kwa kucheka. Mama Pacha alikitazama kitambaa mkononi mwake kana kwamba kimewekwa pale na mtu mwingine. Alikaa chini. Akauliza tangu lini. Mumewe akafikiri kwa haki, akasema tangu wameoana, lakini kwamba yeye alishajifunza kunywa haraka.

Kisha akamuuliza ubao wenyewe ni mkubwa kiasi gani. Alipomwonyesha kwa mikono, mumewe alishangaa. Alisema yeye kwenye upana huo hawezi kuandika hata "Duka la Vitabu" bila kukata neno. Mama Pacha hakuwahi kuliangalia hivyo. Alikumbuka mwaka wake wa kwanza kazini, ubao ukiwa umeshabanduka vilevile, na yeye binti mwenye hofu, akiogopa mkaguzi atamkuta mada hazijaisha. Alijifunza kufuta ili apate nafasi. Baadaye hofu iliondoka, mkono ukabaki na mazoea yake.

Kesho yake alimkabidhi Wakili dasta. Alimpa amri moja: hakuna kufuta mpaka darasa zima liseme tayari, hata Mwalimu akiomba. Lilikuwa kosa au busara, inategemea unamuuliza nani, kwa sababu Wakili alilichukua jukumu hilo kwa uzito wa hakimu. Mama Pacha aliandika mfano wa kwanza, akasogea pembeni kama alivyoahidi, mkono wa kushoto ukiwa umetiwa mfukoni kwa nguvu. Alipotaka kuanza mfano wa pili hapakuwa na nafasi. Alinyoosha mkono. Wakili akauliza nyuma kama wako tayari. Nyuma wakasema bado. Mama Pacha akasubiri. Alisikia kalamu zikikwaruza, saa ya ukutani ikipiga hatua zake, na alidhani atapasuka. Mifano miwili tu waliifanya siku ile, yeye aliyekuwa amezoea sita. Lakini wakati wa mapumziko alipotoka, chini ya madirisha hapakuwa na mtu. Wote walikuwa uwanjani na mpira.

Jumamosi Baba Pacha alikwenda shuleni na makopo yake ya rangi, aupanue ubao. Mwalimu mkuu alikuwa ametoa ruhusa kwa shingo upande, akihofia ukuta utaharibika, lakini alipoona jinsi fundi alivyopima kwa uzi na kunyoosha kingo, mtu yule apendaye mambo yaliyonyooka alivuta kiti akakaa kumtazama mpaka mwisho. Ukuta wote wa mbele, kuanzia dirisha hadi kwenye kona, ukawa mweusi, tena juu yake akachora miraba myembamba kwa rangi hafifu upande mmoja, kwa ajili ya grafu. Mama Pacha aliandika mstari wa kwanza akitembea. Ilibidi atembee hatua tisa.

Siku ya wazazi ile grafu nyekundu ilibandikwa mahali pa wazi, na pembeni yake ile ya sababu, neno Futa likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa, kwani Kipaza hakujua kuandika kwa ndogo. Mama Pacha alisimama karibu akiwa amejikaza. Baadhi ya wazazi walisoma, wakamtazama, wakahama. Baba mmoja, dereva wa lori, aliangua kicheko, akamwita mkewe aje aone, kisha akamsimulia Mama Pacha kwa dakika nyingi kuhusu mwalimu wake wa zamani ambaye hakuwahi kugeuka kutoka ubaoni hata mara moja, mpaka leo hajui sura yake. Mama mmoja alimwambia kwa sauti ya chini kwamba sasa ameelewa kwa nini mwanawe anarudi na daftari lenye mstari wa tatu peke yake. Alishampiga marufuku kucheza kwa sababu hiyo. Mama Pacha alimwomba radhi, na akamwomba amwombe radhi mtoto pia. Walishikana mikono.

Mwalimu wa Sayansi alimtania siku nzima, akimwita Bingwa wa Kuchosha. Watu walipopungua, alimsogelea akamuuliza, kana kwamba ni jambo dogo tu, kama lile boksi lenye tundu linaazimwa. Ishirini na wawili waliomtaja yeye walikuwa wamemkaa rohoni.

Mwisho wa muhula watoto waliuliza tena, kwa siri, na Wakili alihakikisha swali ni lilelile neno kwa neno. Wawili walikuwa wamehama shule, wakabaki mia moja thelathini. Hisabati ilipata arobaini na moja. Bado ulikuwa mhimili mrefu kuliko yote. Kipaza aliuchora nusu akasita, akamtazama mwalimu wake, akasema alitumaini ungekuwa mfupi. Mama Pacha akamwambia akoleze rangi mpaka juu, na asiibe hata nusu mraba. Arobaini na moja si sitini na nane, alisema, na hata hiyo arobaini na moja atakula nayo sahani moja mwaka ujao. Mada mbili za mtaala zilikuwa zimebaki. Alizitaja mwenyewe kikaoni, na wenzake, ambao walimsubiri kwa miaka ishirini na mitano, walimpigia makofi.

Siku ya kufunga shule kundi la Kipaza lilimfuata na ombi. Sasa wanataka kuwauliza walimu: darasa gani linawachosha kuliko yote? Mama Pacha alitaka kujua kama swali liko wazi, na kama majibu yatakuwa ya siri. Wakasema boksi wanalo. Akawapeleka yeye mwenyewe hadi chumba cha walimu, akagonga mlango, akawaacha wajieleze. Walimu walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja alipewa kijikaratasi, na Mama Pacha alipopewa chake aligeukia ukutani, akakinga kwa mkono, akaandika, akakikunja mara mbili kabla ya kukitumbukiza.

Darasa la nne B liliongoza, kwa kura tisa. Walilichora wenyewe kwenye ukuta ule mpya, kwa chaki nyekundu, wakabishana kuhusu kipimo, wakakubaliana kwamba mraba mmoja kwa mwalimu mmoja unatosha, na Kipaza akawatangazia majirani.